Sura ya Sita: Anayekaa Nyuma

Anayetoka Mbwara, wilayani Rufiji, kwenda Kibiti kwa bodaboda hupita barabara mbili zenye tabia tofauti. Ya kwanza ni ya mchanga na vumbi, njia ya vijijini ambayo masika huigeuza tope. Hapo gurudumu la mbele huzama ghafla na pikipiki ikalala ubavu hata kama mwendo ulikuwa wa polepole. Ya pili ni lami ya barabara kuu ya Kilwa, yenye Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, urefu wake mita 970, na mabasi ya Lindi na Mtwara yanayopita kwa kasi yakisukuma upepo wa kuyumbisha chombo. Barabara imebadilika, mwendo umebadilika, ila abiria amebaki na vazi lile lile alilotoka nalo nyumbani: dera, khanga begani, kandambili miguuni, kichwani mtandio tu.

Dereva wake mara nyingi ana afadhali. Ana kofia ngumu, hata kama aliinunua kwa kumwogopa trafiki. Ana koti zito la mtumba na viatu vya kufunika. Ana usukani wa kushika, na shimo analiona kabla hajalifikia. Abiria haoni mbele, hajui breki itakamatwa saa ngapi, na anaposhtuka pikipiki imeshayumba. Yeye ndiye aliye hatarini na ndiye asiye na vazi. Hoja yangu katika sura hii ni moja: abiria asisubiri kuvishwa na dereva. Ajivishe mwenyewe, kwa vifaa vyake, vilivyopimwa mwilini mwake.

Watu wa delta ya Rufiji hawalioni ajabu jambo hili wakiwa majini. Msafiri wa Mafia akishuka basi Bungu hupanda pikipiki hadi Nyamisati, na akifika gatini huambiwa avae jaketi okozi kabla boti haijang'oa nanga. Huvaa bila ubishi, mzee kwa kijana. Katika nchi kavu aliyotoka kuipita muda mfupi uliopita hakuna aliyemuuliza chochote. Maji tumeyaheshimu kwa sababu yametuzikisha watu. Barabara nayo imetuzikisha.

Sheria ilichelewa kumwona abiria huyu. Sheria ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, enzi ambazo pikipiki ilikuwa chombo cha bwana shamba, mwalimu au katekista, si biashara ya kubeba watu. Kanuni za pikipiki na bajaji za mwaka 2010 ndizo zilizokuja kumtaja: avae kofia ngumu, apakiwe mmoja tu, na mtoto wa chini ya miaka 9 asipakiwe. Kenya nao walibadilisha sheria yao mwaka 2012, wakamtaka mwenye pikipiki ahakikishe kila aliye juu yake ana kofia na koti la kuakisi mwanga. Hata hivyo kanuni husimamiwa palipo na askari, na askari yuko Ikwiriri na Kibiti mjini. Kwenye njia ya kuingia Mbwara msimamizi ni wewe uliyekaa nyuma.

Tuanze na kichwa, maana hapo ndipo penye tofauti ya kuugua na kufa. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa na mtandao wa Cochrane mwaka 2008 ulikadiria kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Ni takwimu kubwa kwa kitu kinachonunuliwa dukani. Maarifa yenyewe hayakuja kirahisi. Mwaka 1935 Mwingereza T. E. Lawrence, yule aliyepigana Uarabuni wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, alianguka na pikipiki akiwa hana kofia, akafa baada ya siku chache. Mmoja wa madaktari walioitwa kumwangalia alikuwa Hugh Cairns, bingwa wa upasuaji wa ubongo. Kifo kile kilimsumbua. Akaanza kukusanya habari za askari waliokuwa wakibeba barua kwa pikipiki, na mwaka 1941 akachapisha alichokiona: vifo vilikuwa vingi mno, na kofia ziliokoa. Mwaka huo huo jeshi la Uingereza likaamuru waendeshaji wake wavae.

Kinachookoa ndani ya kofia si lile gamba linalong'aa. Gamba huzuia ncha ya jiwe isipenye na kuutawanya mshindo. Kazi kubwa hufanywa na povu gumu jeupe lililo chini yake, la aina ile ile inayofungiwa televisheni mpya kwenye boksi. Kichwa kinapogonga, povu hilo husagika, na katika kusagika kwake humeza nguvu ambayo ingeufikia ubongo. Kofia isiyo na povu hili ni ganda tupu. Zipo nyingi sokoni, nyepesi, bei rahisi, ndani zimetandikwa sponji laini na kitambaa, basi. Ukitaka kujua, funua kitambaa cha ndani ubonyeze kwa kidole gumba. Sponji litabonyea mpaka uliguse gamba. Povu la kweli litakataa, na utalikuta limezunguka kichwa chote kwa unene unaoonekana. Kofia ya mafundi ujenzi nayo haifai kwa safari. Imetengenezwa kwa ajili ya kitu kinachoangukia utosini, na haina cha kuukinga upande wa sikio wala kisogo.

Alama za viwango zipo nyuma ya kofia au kwenye mkanda. Herufi E iliyozungushiwa duara pamoja na namba ni ya kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 22, inayotumika Ulaya na nchi nyingine nyingi. DOT ni ya Marekani. IS 4151 ni ya India, nako ndiko zinakotoka pikipiki za Boxer na TVS zilizojaa njia zetu. Karatasi ya kubandika inaweza kughushiwa, kwa hiyo usiiamini peke yake. Itazame pamoja na povu, mkanda na uzito. Kofia nzima ya kufunika uso kwa kawaida huwa na uzito wa zaidi ya kilo moja. Ukiinyanyua ukaona nyepesi kama bakuli la plastiki, irudishe.

Kipimo ndicho kinachosahaulika zaidi, na hapa ndipo kofia ya dereva inapomwangusha abiria. Azima futi ya fundi cherehani, izungushe juu kidogo ya nyusi na kupitia pale kisogo kilipotokeza zaidi. Wenye sentimita 55 au 56 huvaa S, 57 hadi 58 ni M, 59 hadi 60 ni L, ingawa kila kiwanda kina tofauti zake ndogo. Ivae, funga mkanda, kisha tikisa kichwa kwa nguvu. Ngozi ya mashavu na paji iende pamoja na kofia. Halafu ishike kwa nyuma, uisukume kuelekea mbele kama unayetaka kuivua mkanda ukiwa umefungwa. Ikitoka, itatoka pia siku ya ajali, na itafika barabarani kabla yako. Kofia moja ya akiba ambayo dereva humvisha mzee wa Muhoro asubuhi na binti wa shule mchana haiwezi kuwakaa wote wawili. Nimewaona abiria wakiishika kwa mkono safari nzima isipeperuke. Mkono huo ulipaswa kushika pikipiki.

Lipo pia suala la usafi, ambalo wanawake wengi hulisema wazi na wana haki. Kofia moja yenye jasho la watu kumi inaweza kuambukiza mapunye. Mjini Kampala, kampuni ya SafeBoda iliyoanza mwaka 2014 iliwapa madereva wake kofia ya pili kwa ajili ya abiria, na hilo lilikuwa jambo jema. Kwetu vijijini njia fupi ni kuwa na yako. Ukilazimika kuazima, tanguliza kitambaa chembamba cha pamba ulichotoka nacho nyumbani. Kitambaa kiwe kimoja na kimelala. Kilemba kikubwa, mafundo ya nywele za kusuka yaliyopandishwa utosini au mtandio wa mizunguko mitatu huinua kofia isishuke mahali pake. Kwa anayejisitiri, hijabu ya kuvuta kichwani, ile isiyo na pini, hukaa vizuri chini ya kofia. Pini ziondolewe kabisa. Na mtu akisuka, asuke mistari ya kulala siku za safari.

Ya kufunika uso au ya kuacha uso wazi? Joto la Rufiji linajulikana, na sitamlaumu anayechagua ya wazi. Lakini abiria anapoanguka mchangani mara nyingi hutangulia na uso, akampiga dereva mgongoni au akabusu kisiki. Kofia ya wazi huacha kidevu na meno. Kama safari yako inaingia lami, nunua ya kufunika uso yenye matundu ya hewa, na njia ya kijijini ukipenda inua kioo chake. Kioo kiwe cheupe, maana cheusi ni upofu baada ya magharibi. Wanaosema kofia huziba masikio wajibiwe na uchunguzi wa Harry Hurt wa California, uliotolewa mwaka 1981 baada ya kuchunguza ajali 900 kwenye maeneo zilipotokea: haukuona kwamba kofia ilimzuia mtu kusikia au kuona hatari iliyokuja.

Sasa nguo. Vitabu vya pikipiki vilivyoandikwa ughaibuni huanza na koti la ngozi. Mimi kwa abiria wa Mbwara naanza na upindo wa dera, kwa sababu nguo iliyolegea inaua hata pikipiki isipoanguka. Upindo wa baibui, ncha ya khanga au mtandio ukiingia kwenye spoki za gurudumu la nyuma huvutwa kwa kufumba na kufumbua, na mwili hufuata nguo. Nchini Bangladesh, kituo cha kuwahudumia waliopooza, CRP, kilichopo Savar, kimepokea wasichana waliovunjika shingo na kupooza kwa sababu mtandio wao ulinaswa na ekseli ya bajaji ya umeme. India walilifikiria jambo hili kwa ajili ya sari. Kanuni ya 123 ya magari nchini humo inataka kila pikipiki iwe na cha kushika kwa abiria, pa kuweka miguu, na kinga inayofunika angalau nusu ya gurudumu la nyuma ili nguo ya anayekaa nyuma isinaswe. Ukienda kukodi pikipiki ya kudumu ya kukupeleka kliniki au gulioni, itazame kinga hiyo. Mafundi wa kuchomelea wa Ikwiriri na Kibiti wanaweza kuitengeneza kwa nondo nyembamba. Kama ndugu yako ndiye dereva, mwambie aifunge wiki hii.

Kukaa upande, miguu yote kushoto, ni desturi ya heshima, na sitaki kuidharau. Lakini huweka uzito wote upande mmoja, huacha mkono mmoja bila pa kushika, na miguu huning'inia jirani na mnyororo, ambao kwenye Boxer na TVS uko kushoto. Stara inaweza kutunzwa kwa njia nyingine. Vaa suruali pana ndani ya dera au baibui, panda kwa kutanua miguu, kusanya upindo uukalie, na khanga uifunge kiunoni fundo likiwa mbele. Ncha za mtandio zizamishwe ndani ya kola. Wanawake wengi wa pwani tayari huvaa hivyo wakienda shamba. Mama mtu mzima akikataa kukaa hivyo, basi dereva aombwe kwa adabu, "Mwanangu, mie nakaa upande, nenda taratibu," na aende taratibu kweli.

Juu ya mwili sina mengi. Koti la jinzi au la ngozi linapatikana kwenye mitumba ya gulioni. La ngozi huhimili kusuguliwa na lami muda mrefu zaidi kuliko la jinzi, lakini hata jinzi ni bora mara nyingi kuliko mkono mtupu. Mikono iwe mirefu, vifungo vifungwe. Glovu za kazi za shambani zinatosha, kwani kila anayeanguka hutanguliza viganja. Makoti yenye vipande vigumu vya viwiko na mabega yapo mjini, na mwenye uwezo anunue, lakini asiyatangulize kabla ya kofia na viatu.

Viatu ndivyo vinavyonitia uchungu kuona vinapuuzwa. Ajali ndogo za mchangani, zile zisizoandikwa polisi, huumiza kifundo cha mguu, kisigino na vidole. Pikipiki hulala, na mguu wa abiria huwa chini yake. Kandambili hutoka mguuni kabla hujagusa chini. Raba za kufunga kamba zinazopanda juu ya kifundo ni nzuri, na viatu vyeusi vya shule vya kamba navyo vinafaa. Mabuti ya mpira ya kulimia mpunga hukinga shini dhidi ya visiki na matope, na tangu mafuriko ya mwaka 2024 yaliyoharibu njia nyingi za Rufiji na Kibiti yamekuwa vazi la lazima kwa wengi. Tatizo lake ni moja: yasiguse bomba la moshi, mpira utayeyuka. Bomba hilo liko kulia, na kovu la mviringo kwenye shavu la mguu ambalo wengi wetu tunalo limetoka hapo. Shukia kushoto. Ukiungua, mwagia maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, na dawa ya meno ibaki kwenye mswaki.

Usiku hakuna taa za barabarani kati ya kijiji na kijiji, na cha mwisho ambacho dereva wa lori hukiona ni mgongo wa abiria. Baibui jeusi juu ya kiti cheusi halionekani. Kizibao cha kuakisi mwanga kina bei ndogo. Kivaliwe juu ya koti, na mzigo wa mgongoni usikifunike.

Kuhusu watoto nasema bila kupindisha: hakuna kifaa kinachomfanya mtoto mchanga awe salama kwenye pikipiki. Shingo yake haiwezi kubeba kofia, na mbeleko humfunga kwa mama, si kwa usalama. Kanuni ya miaka 9 haikuwekwa kwa ukatili. Mtoto mdogo hafikishi miguu kwenye pa kukanyagia, na kisigino kinachoning'inia huingia kwenye spoki. Majeraha hayo hupona polepole na huacha kilema. Najua kliniki iko mbali na baba hana gari. Ikiwa hakuna njia nyingine, mtoto aliyeshatimiza miaka hiyo avae kofia ya kipimo chake, viatu vimefungwa, na mwendo uwe wa kumsikiliza. Mjamzito mwenye dharura apigiwe simu 115 ya huduma ya usafiri wa dharura ya m-mama, bila malipo, kabla ya kuita pikipiki.

Kofia ikishanunuliwa ina adabu zake. Usiining'inize kwenye kioo cha pembeni cha pikipiki, kwani ncha huchimba povu. Usiiweke karibu na dumu la petroli. Petroli huyeyusha povu, na gamba hubaki likionekana zima kwa nje. Ikishagonga chini na kichwa ndani yake, kazi yake imekwisha, hata kama haina mkwaruzo. Usimwuzie mtu.

Na siku mbaya ikifika, usiivute kofia ya aliyeanguka. Huruma hutusukuma tumvue haraka apate hewa, lakini shingo iliyovunjika hukamilishwa na mvuto huo. Inua kioo, legeza mkanda, mmoja ashike kichwa na shingo visicheze, wengine watafute gari la kumlaza. Ivuliwe tu kama hapumui au anatapika na kupaliwa, na wavue wawili, mmoja akishika shingo. Kutoka hapo ni hospitali ya Utete au ya Mchukwi, na mifupa ikiwa imevunjika vibaya, safari huendelea hadi taasisi ya mifupa ya MOI, Muhimbili, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita mia moja kutoka Kibiti.

Fedha za ufuta huingia katikati ya mwaka na za korosho mwishoni. Katika miezi hiyo hununuliwa simu, mabati, na pikipiki zenyewe. Nakuomba, ndugu msomaji, msimu ujao utenge ya kofia mbili, yako na ya mama watoto wako. Nendeni dukani pamoja ili kila mmoja aijaribu kichwani mwake, na siku ya gulio mkisimamisha bodaboda, kila mtu awe na yake mkononi.